Ombi la Kuahirisha Ziara Mpaka Kichaka cha Vipepeo Kichipue

Kwa Mama Mkwe Mheshimiwa,
Nyumbani kwako, chumba cha mbele, kwenye kile kiti kilicho karibu na simu.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KICHAKA CHA VIPEPEO, PAMOJA NA OMBI LA KUSOGEZA MBELE ZIARA YAKO

Mama, shikamoo. Shikamoo ya pili nakuwekea akiba hapa hapa, kwa sababu nahofia ukifika mwisho wa barua hutakuwa na moyo wa kuipokea.

Ninayeandika ni mkweo, yule mrefu, fundi cherehani, mume wa kitinda mimba wako. Najitambulisha kirefu hivi kwa kuwa kwenye simu zako za kila Jumapili mimi huja wa mwisho, na mara nyingi salio hukata kabla ya zamu yangu. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Karatasi haina salio, na huwezi kuikatia njiani kwa kusema maziwa yanafurika jikoni.

Sisi sote hatujambo, isipokuwa mmoja wetu anayeishi bustanini, pembeni ya ukuta.

Kichaka hicho unakijua kuliko mimi. Marehemu Baba Mkwe alikata kijiti kutoka kwenye kichaka chake, akakiotesha ndani ya kopo la rangi, akatukabidhi siku tulipohamia nyumba hii. Alinivuta kando akaniambia, "Mwanangu, maua ni ya vipepeo, ila kivuli ni cha binti yangu." Nawe ukadakia, tena mbele ya wapakuaji wa makabati, "Siku nikija nikakikuta kimenyauka, nitajua na mwanangu ananyauka." Tulicheka wote. Mimi nilicheka kwa adabu tu, maana nilishaiona hatari. Tangu hapo kichaka kikanipita kwa urefu, na kila msimu vishada vyake vya zambarau vikanukia asali hadi ndani ya chumba changu cha kushonea, na vipepeo wakaja kwa makundi kama vile tumewaalika.

Kisha mafundi bomba wakaja kwako kuchimba mtaro, wakang'oa kile kichaka chake kilichozaa hiki. Baba Mkwe naye akatutoka kabla ya baridi ya mwaka huu. Kwa hiyo kilichobaki duniani kutoka mikononi mwake ni hiki chetu, na hiki chetu sasa hivi ni kisiki kinachofika kwenye kifundo cha mguu, hakina jani hata la kusingizia, na wewe umetangaza unakuja mwisho wa mwezi.

Mama, naomba usije. Naomba kwa heshima zote za ukweni, nikiwa nimeinamisha kichwa na kuvua kofia, lakini usije mpaka kichipue. Sababu nazipanga kwa namba, usije ukasema mkweo ni mtu wa kubwabwaja.

1. Kuhusu mpangilio wa salamu.

Unapopiga simu, neno lako la kwanza ni "Kichaka hakijambo?" Ukishajibiwa ndipo unamuulizia mwanao. Baada ya mwanao anafuata mjukuu wako, na baada ya mjukuu unauliza kama paa bado linavuja. Mimi nakuja baada ya paa. Sikuwahi kulalamika, kwa sababu paa ni kubwa na mimi ni mmoja. Lakini mjukuu wako juzi aliniuliza, "Baba, kwani bibi ni mama yake mti?" Naomba kumbukumbu zionyeshe kwamba nimeishi miaka yote hii chini ya mamlaka ya kichaka, na kwamba sikuwa na kinyongo nacho chochote siku ile nilipokishikia mkasi.

2. Kuhusu goti.

Hapa ndipo penye kiini cha msiba, naomba usome ukiwa umekaa. Uliniambia kwa simu, "Baridi ikiisha, shika mkasi ukate chote usawa wa goti, wala usikionee huruma. Maua yanatoka kwenye matawi mapya. Ukihurumia ya zamani utavuna kuni." Simu ikakatika.

Usawa wa goti la nani, Mama?

Mimi goti langu liko karibu na kizingiti cha dirisha. La mwanao liko chini ya kiti. Nimepima magoti ya mji huu tangu ujana wangu, ya askari, ya mabibi harusi, ya wachezaji mpira na ya yule diwani anayetaka suruali imbane halafu analalamika imembana. Liko goti moja tu duniani ambalo silijui na wala sina ruhusa ya kulijua, nalo ni la mama mkwe wangu. Ningeuliza vipi? Nikupigie simu niseme, "Shikamoo Mama, samahani, goti lako linaishia wapi?" Nikimtuma mwanao, atataka kujua nalitakia nini. Nikimuuliza shemeji, kaka yake, ataitisha kikao cha ukoo kabla sijamaliza sentensi.

Nikabaki nimesimama bustanini na tepu shingoni, nakisia kwa heshima. Nilifikiri hivi: nikikisia juu kuliko lilivyo, nitakuwa nimejifanya nakujua. Nikikisia chini, nitakuwa nimenyenyekea. Basi nikashuka kidogo. Kila nilivyoshuka nilijiona mkwe mwema zaidi. Nilipofika kwenye kifundo cha mguu adabu yangu ilikuwa imetimia, na kichaka kimekwisha. Sasa niambie, katika hili kosa ni la nani kama si la malezi mema niliyopewa?

3. Kuhusu mkasi wenyewe.

Ulisema mkasi. Mimi ni fundi cherehani, nyumbani kwangu mkasi ni mmoja, ule mkubwa wa kukatia vitambaa, ambao hata mwanao haruhusiwi kufungulia nao paketi ya maziwa. Niliutoa sadaka kwa ajili yako. Matawi ya zamani ya kichaka kile ni magumu kama ahadi za diwani niliyemtaja. Mkasi umepata pengo, na tangu siku hiyo kila ninachokata kinatoka na meno. Suruali ya mwalimu mkuu imekuwa na ncha ncha chini, akadhani ni mtindo mpya, na sasa walimu wote wanaitaka. Namshukuru Mungu kwa hilo, lakini silihesabu kama fidia.

4. Kuhusu hiyo "baridi ikiisha".

Baridi haikuniaga, Mama. Siku moja jua lilichomoza kwa nguvu, wateja wakaja kupunguza mikono ya nguo, mke wangu akakunja mablanketi. Nikasema, imeisha. Nikakata. Haikupita wiki baridi ikarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli wake, ikakaa, ikanyoosha miguu, na kile kisiki kikaipokea uchi wa mnyama. Ungeniambia dalili yake ni nini. Ungeniambia nisubiri vitumba vianze kufura kwenye matawi. Nimeyasoma hayo baadaye, kwenye gazeti kuukuu nililofungiwa vifungo. Kwa nini gazeti la kufungia vifungo lijue jambo ambalo mkwe hakuambiwa?

5. Kuhusu kukwangua.

Nilipokueleza kwa simu, kijuujuu, kwamba kichaka "kimepumzika", uliniambia, "Kwangua gome kwa ukucha. Chini kukiwa kijani, kingali hai." Nikakwangua. Kijani! Nilifurahi nikamnunulia mjukuu wako biskuti. Kesho yake nikaingiwa na shaka kwamba ile rangi labda ilikuwa ya macho yangu, nikakwangua upande wa pili. Kijani tena. Shemeji akaja, hakuamini macho yangu, akakwangua kwa macho yake. Jirani yetu fundi saa akaja na ile lenzi anayoibana kwenye jicho, akakwangua kitaalamu kwa bisibisi ndogo. Mkunga wa mtaa wa pili akapita akasema yeye ndiye anayejua kipi kinaishi na kipi hakiishi, akakwangua pia.

Sasa imekuwa desturi. Mtu akija kuchukua nguo zake habishi hodi, anapitia bustanini kwanza, anakwangua, ndipo anasema "Kijani bado" badala ya hujambo. Mjukuu wako anawakwangulia wanasesere wake. Wahenga walisema penye wengi pana Mungu, lakini hao hawakuwahi kumiliki kichaka. Gome limekwisha, Mama. Tumekithibitisha uhai mpaka tumekivua ngozi, na sasa hakuna pa kukwangua ili kujua kama tumekiua kwa kukwangua.

Mtu pekee katika nyumba hii asiyekwangua ni mwanao. Akipita pale anatazama upande wa pili.

6. Kuhusu njaa na shibe.

Katika hili nakubali ulitoa agizo lililo wazi. Ulisema, "Usikilishe sana, kikishiba kitaota majani matupu. Na miguu yake haipendi maji." Mimi nilitii kabisa. Nilikuwa nakimwagia ndoo moja tu kila siku, kwa siri, nikijua hakuna mwingine anayekijali. Kumbe mjukuu wako anakimwagia kwa birika la wanasesere mara kwa mara hadi birika limeng'oka mpini. Kumbe shemeji alileta gunia la samadi akalifukia bila kuniambia, eti mimi ni mtu wa mjini. Na kumbe mwanao naye, huyo huyo anayetazama upande wa pili, huamka alfajiri kabla ya kwenda kufundisha na kukimwagia.

Hili tuliligundua Jumamosi moja asubuhi. Nilitoka na ndoo, nikakutana na mke wangu ana ndoo, mjukuu wako ana birika, na shemeji anaingia getini na dumu. Tukatazamana. Tukasalimiana kama watu waliokutana sokoni, halafu kila mmoja akamwaga maji yake kwenye maua ya jirani. Kichaka kimesimama kwenye tope. Sijui kama kina kiu, kimezama, au kimevimbiwa, na sina kitabu cha kuniambia ni lipi kati ya hayo linatibiwa kwanza.

7. Kuhusu ziara.

Ulisema unakuja "kujionea kwa macho". Maneno hayo, Mama, hata polisi huyatumia kwa uangalifu. Nimejaribu kujiandaa. Nilifikiria kushona pazia la kuziba bustani yote, nikaona utauliza pazia la nini. Nikafikiria kukupitishia mlango wa nyuma, lakini mlango wa nyuma ndio unaotokea bustanini. Mwishowe nikakusanya vipande vya satini ya zambarau vilivyobaki kwenye nguo za maharusi, nikashona vishada vya maua, nikavijaza pamba na kuvifunga kwenye kisiki kwa uzi wa kijani. Kwa mbali, ukiwa umevua miwani, ungedhani ni msimu wa maua. Alikuja hata kipepeo mmoja. Alitua, akatembeatembea, akaondoka kama mteja aliyeuliza bei tu. Nikaona aibu, nikavifungua. Viko kwenye droo ya pili ya cherehani iwapo utaamua kuja na kuiacha miwani nyumbani.

Lakini acha nikueleze kinachonitia hofu hasa, na hapa naweka utani pembeni kwa aya moja.

Mwanao anafundisha chekechea. Kutwa nzima anacheka na watoto wa watu, anaimba, anaruka kama chura, maana ndiyo kazi yake. Akifika nyumbani anavua viatu na kicheko anakivua hapo hapo mlangoni. Tangu msiba wa baba yake hajacheka ndani ya nyumba hii. Anapika, anakunja nguo, ananiuliza siku yangu ilikwendaje, na nikimjibu naona hajasikia. Msibani kwenyewe hakulia, kwa sababu alikuwa anahesabu viti na kupokea wageni na kukushika wewe mkono. Nikimuuliza anasema, "Mimi mzima, mume wangu." Mimi napima watu kwa kazi, Mama, na najua nguo inapomning'inia mtu. Sasa wewe uje, usimame mbele ya kile kisiki, umlilie mumeo palepale, na mwanao akuone. Nani atambeba? Mimi mwenyewe sijui nimshike wapi.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Narudi kwenye malalamiko.

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo, na ninaamini si mengi. Ziara yako isogezwe mbele mpaka majani ya kwanza yaonekane, yasiwe ya satini. Kama haiwezekani, kichaka kisajiliwe rasmi kama mgonjwa asiyeruhusiwa kutazamwa na ndugu wa karibu. Kama nalo ni gumu, naomba kichaka kirudishwe kwenu kwa heshima, kama anavyorudishwa bwana harusi aliyekosea nyumba, pamoja na tope lake, gunia lake la samadi na kucha zote zilizobaki humo. Na ikiwa hata hilo litakataliwa, basi naomba talaka. Usishtuke. Si kwa mwanao, huyo simwachi hata nikichomwa pasi. Naomba talaka ya ukwe tu: niendelee kuwa mume wake, nisiwe mkweo, ili siku moja niweze kukuuliza kuhusu hilo goti kama mtu na mtu mwenzake, bila ukoo kuitishwa kikao.

Ninangoja jibu lako nikiwa na mashaka mengi na matumaini ya kadiri. Nisalimie shangazi wa upande wa marehemu, yule anayenisifia kwa urefu tu. Wasalimie majirani wa kushoto, na wa kulia kama mmepatana. Msalimie paka. Hata wale mafundi bomba, ukikutana nao, wape salamu zangu, ila usiwape chai.

Ni mimi, mwenye kukuheshimu kuanzia kifundo cha mguu kwenda juu,

Mkweo, Fundi.

Nakala: Shemeji, ambaye ndiye anayekuletea barua hii kwa gari lake mchana huu, na ambaye ameagizwa asiifungue.

NYONGEZA

Mama, nilipomaliza kuandika nilimsomea mwanao. Hapa kwetu barua ya ukweni haitoki nyumbani kabla mwenye kwao hajaisikia. Nilitaka aniambie kama adabu imetosha. Alikuwa amesimama anapiga pasi. Nilipofika kwenye goti akaweka pasi chini. Nilipofika pale nashuka kwa heshima alianza kucheka. Alicheka hata akashika meza, akaniashiria kwa mkono nisimame, nikasimama, akasema, "Endelea, endelea," na sikuweza kuendelea kwa sababu nilikuwa sijakisikia kicheko kile tangu tulipomzika mzee.

Kisha kikageuka. Alilia, Mama. Alilia kilio kile alichokuwa ameweka tangu msibani, kikubwa, cha mtoto, na mimi nikamshika popote mkono wangu ulipofika. Nilidhani atakitaja kichaka. Hakukitaja. Alisema neno moja tu, akalirudia na kulirudia: "Namtaka mama."

Kwa hiyo yote yaliyoandikwa hapo juu, namba moja mpaka saba, pamoja na maombi, nayafuta. Nilidhani nakulinda usione, na namlinda yeye asikuone. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nilikuwa nawafungia mlango wahenga wenyewe. Kichaka kikichipua kichipue, kikifa tutakizika sote, na ukitaka kulia pale ukutani ulie, mwanao atalia nawe, na nitawaletea viti.

Shemeji nimemwambia akuchukue kwenye gari anaporudi, usisubiri mwisho wa mwezi. Mwanao ametandika kitanda chako kwa shuka mpya, akasema ajilaze kidogo ajaribu godoro, na amelala hapo hapo na viatu miguuni. Nimeufunga mlango taratibu. Sitaki kumwamsha, Mama. Njoo umwamshe wewe.